Kabla ya Kuwasha Redio ya Valvu

Redio ya mawasiliano ya Yaesu FT-101 ya miaka ya 1970 ikikufikia baada ya kulala stoo miaka mingi, usiichomeke kwenye umeme ili uone kama bado nzima. Hapo ndipo redio nyingi nzuri zinapofia. Hakikisha kwanza transfoma imefungwa kwa volti za kwenu. Baadhi ziliuzwa nchi zinazotumia volti 110.

Kagua kapasita kubwa zilizo kama makopo. Iliyovimba kichwa au kuvuja miguuni, ing'oe. Uweke mpya yenye ujazo uleule na volti zisizopungua za ile ya zamani, chanya na hasi zisipishane.

Zima swichi ya kupasha valvu, kisha washa redio kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyoungwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Ikimulika kwa nguvu kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima upesi: kuna shoti.

Tafadhali, chunga mwili wako. Valvu za kurushia hupokea zaidi ya volti 500, na kapasita hubaki na chaji hata plagi ikichomolewa. Imwage kwa rezista, si kwa bisibisi, kisha pima kwa mita. Mkono mmoja uwe mfukoni.

Ukishaondoa balbu na kuwasha swichi ya valvu, majaribio ya kurusha yafanye kwenye mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, usibonyeze kitufe cha kurusha zaidi ya sekunde 10 kabla valvu hazijatuniwa. Kuingia hewani kunahitaji leseni. Nchini Tanzania hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.