Dondoo muhimu: Kuchagua na kusikiliza albamu ya roki ya jukwaani

Msikilizaji anayetaka kununua albamu ya jukwaani, yaani ile iliyorekodiwa mbele ya hadhira badala ya studio, aanze kwa kusoma jalada ili ajue nyimbo zilipigwa wapi na lini, kwa kuwa nyingi huunganishwa kutoka maonyesho kadhaa. Made in Japan ya Deep Purple ilitokana na maonyesho matatu ya Agosti 1972, mawili ya Osaka na moja la Tokyo.

Toleo nalo lina uzito wake. Live at Leeds ya The Who, iliyorekodiwa Februari 14, 1970 katika bwalo la Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, ilitoka mwaka huohuo ikiwa na nyimbo 6 tu, na sehemu kubwa ya usiku ule haikusikika humo mpaka yalipotolewa matoleo marefu ya 1995 na 2001, hivyo anayeanza leo hana sababu ya kuchukua lile fupi, labda awe mkusanyaji wa santuri.

Zichunguzwe pia sauti za kupachikwa, yaani zinazoongezwa studio baadaye ili kufunika makosa: uimbaji ukiwa safi mno ilhali ngoma zinavuma ukumbini, huenda fundi amepita hapo.

Wakati mwingine jukwaa hutangulia albamu. Pink Floyd walianza kupiga The Dark Side of the Moon mbele ya watu Januari 1972, zaidi ya mwaka mmoja kabla haijatoka Machi 1973. Kwa hiyo anayehudhuria tamasha asikimbilie vinywaji pindi unapoanza wimbo asioujua.