Malafyale Alipoingia Darasani: Mafunzo Niliyopata Igogwe

Nafundisha historia katika sekondari moja isiyo mbali na Igogwe, huku ambako mvua ikishika kwenye bati inabidi mwalimu aweke chaki chini asubiri, maana hata akipaza sauti hasikiki. Miaka kadhaa iliyopita tulifika kwenye mada ya ukabaila. Muhtasari ulinipa Nyarubanja ya Wahaya, Ubugabire wa Buha na Umwinyi wa pwani. Havikunitosha. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, kiherehere kimenijaa, nikawaongezea wanafunzi Ulaya ya zama za kati na Japani ya samurai. Kisha, ili wasione mambo yako mbali, nikamwingiza malafyale, chifu wa Wanyakyusa. Hapo ndipo nilipoanza kusomeshwa mimi.

1. Jedwali likijaa lote, lishuku

Nilichora safu tatu kwenye karatasi ya manila. Ulaya: mfalme, bwana mwenye ardhi, askari wa farasi, na chini kabisa kitwana aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake. Japani: shoguni yaani mtawala wa kijeshi, daimyo yaani bwana mwenye ardhi, samurai, mkulima. Unyakyusa: malafyale, amafumu yaani wakuu wa vijiji, vijana wa mikuki, na mwananchi wa kawaida. Kila kisanduku kilipata jina. Nilijiona fundi.

Mwanafunzi mmoja alinakili jedwali lile kwenye daftari, akaenda nalo nyumbani. Siku ya pili akaniletea salamu: babu yake ananiita. Jumamosi nikaenda. Nilimkuta barazani anachonga mpini wa jembe, daftari limelala juu ya kigoda pembeni yake.

"Ugonile, tata."

"Ndaga. Karibu, mwalimu." Hakuacha kuchonga. Baadaye akaweka ncha ya kisu kwenye kisanduku cha chini kabisa. "Huyu aliyefungwa kwenye shamba la mtu, hapa kwetu alikuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mtu wa zamani akigombana na majirani, au akisemwa kwamba ana uchawi, alifunga mizigo, akaswaga ng'ombe wake na kuhamia kijiji kingine, hata kwa malafyale mwingine. Huko alipokelewa vizuri, kwa sababu nguvu ya malafyale ilikuwa watu. Kitwana wa Uingereza ya karne ya 12 hakuweza hata kumwoza binti yake bila kumlipa bwana wake. Nilipowaweka mstari mmoja nilikuwa nimeandika uongo kwa mwandiko mzuri. Jumatatu nikafuta kisanduku kile kwa wino mweupe, nikawaambia wanafunzi kitabaki wazi. Kimekuwa kisanduku kinachozungumzwa kuliko vyote.

2. Swali moja la mzee lilinifaa kuliko tarehe ishirini

Jumamosi ile nilipoaga, mzee aliniuliza: "Hao wa kwako, baba akichoka, nchi anampa nani?"

Yeye jibu lake alikuwa nalo: ubusoka. Mara moja katika kila kizazi, watoto wa rika moja waliokwisha kuwa watu wazima "walitolewa". Hawa ni vijana waliokuwa wamejijengea kijiji chao pembeni ya kijiji cha baba zao tangu wakiwa wadogo. Moto wa zamani ulizimwa nyumba zote, ukapekechwa mpya. Nchi ya malafyale iligawanywa kati ya wanawe wawili warithi, na kila mmoja akapata vijiji vyake na amafumu wake. Wazee wakasogea pembeni. Ndiyo maana nchi zilikuwa ndogo ndogo na nyingi. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa huku na kuchunguza mambo haya miaka ya 1934 hadi 1938, waliwakuta machifu wapatao mia.

Nilirudi na swali la mzee darasani, na zile tarehe ambazo wanafunzi walikuwa wanakariri kama namba za simu zikaanza kusema. Mwaka 843, pale Verdun, wajukuu watatu wa Charlemagne waligawana himaya ya babu yao. Hata hivyo majeshi yao yalikuwa yameshauana sana miaka miwili kabla, katika vita vya Fontenoy. Mwaka 1087 William Mshindi alipokufa, Robert, mtoto wa kwanza, alipata Normandy. William wa pili akapata Uingereza. Henry, wa mwisho, akapewa fedha taslimu. Nikauliza: nani hapa hakuridhika? Mikono yote juu. Naam, William wa pili alipokufa mwaka 1100 Henry aliinyakua Uingereza, na mwaka 1106 akampiga kaka yake pale Tinchebray na kumtia kifungoni. Robert alikaa kifungoni mpaka alipofariki mwaka 1134, mzee wa miaka themanini hivi.

Lakini kilichowashika zaidi kilikuwa cha Japani. Yoshimasa, shoguni wa ukoo wa Ashikaga, hakuwa na mtoto wa kiume. Mwaka 1464 akamtoa mdogo wake Yoshimi utawani aje awe mrithi. Mwaka uliofuata mke wake, Hino Tomiko, akajifungua mtoto wa kiume.

"Ayaa!" darasa zima.

Sikuhitaji kueleza zaidi. Vita vya Onin vilianza 1467, vikaisha 1477, na sehemu kubwa ya Kyoto ikawa majivu. Walichotaka kujua wao ni yule mdogo mtu alijisikiaje siku mtoto alipozaliwa. Hilo silijui, na halimo kwenye mtihani, lakini tulilijadili kipindi kizima.

3. Kugawana kunataka nafasi

Wanafunzi wangu walitaka kuhitimisha kwamba babu zetu walikuwa na busara, wazungu wana roho mbaya. Niliwazuia. Ubusoka uliwezekana kwa sababu vijana walikuwa na pa kwenda: kulikuwa na pori la kufyeka na mianzi ya kujengea, na udongo wa majivu ya volkano ulizaa upesi. Kisha ikaja kahawa. Mgomba unaweza kuuacha ukapanda mwingine ng'ambo ya mto. Mbuni unaokulipia ada huuachi ukahama na marika yako. Watu wakaganda kwenye vipande vyao, na zile desturi za rika zima kuhama pamoja zikakosa ardhi ya kukanyaga. Uchifu wenyewe serikali iliufuta mwaka 1963, na Nyarubanja kule Bukoba ikafutwa kwa sheria ya 1965.

Nalijua hili kwa miguu. Baba yangu aligawa shamba lake la migomba na maparachichi, ekari mbili na kitu, kwa sisi watoto wa kiume watatu. Tulipima kwa kamba ya katani, kaka yangu mkubwa kashika ncha hii, mimi ile. Kila kamba ilipolegea kidogo, mdogo wetu alikohoa.

4. Mwenye mvua si lazima awe mwenye mkuki

Hili nalipitia haraka kwa sababu wanafunzi huku hulielewa bila mwalimu. Lubaga palikuwa na Lwembe, ambaye watu waliamini mvua na rutuba vimo mwilini mwake. Hakuwa na jeshi la kutisha mtu. Akiugua sana, makuhani hawakumwacha afe taratibu, walimziba pumzi ili nchi isiugue naye. Ukishamjua Lwembe, humshangai Kaizari wa Japani aliyebaki Kyoto na utukufu wake wakati Minamoto no Yoritomo, shoguni kuanzia 1192, anatawala kwa upanga kutoka Kamakura. Tofauti ni kwamba Kaizari hakuna aliyemziba pumzi akiugua. Nilimwonea huruma Lwembe siku hiyo, nikajikuta nasema hivyo mbele ya darasa.

5. Binti atauliza, na uwe umejiandaa

Mimi sikuwa nimejiandaa. Msichana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono wakati nafuta ubao: "Mwalimu, mabinti walipewa nini?"

Nikajiumauma. Kwa Wanyakyusa mali ilitoka kwa kaka ikaenda kwa mdogo wake wa tumbo moja, ndipo ikashuka kwa watoto wa kiume. Kipindi kilichofuata nilikuja na majina. Matilda, binti wa yule Henry aliyepewa fedha: mabwana wa Uingereza walimwapia baba yake kwamba watamtawaza, na Henry alipokufa mwaka 1135 Stephen, binamu wa Matilda, akawahi kiti. Nchi ikapigana karibu miaka ishirini, na aliyetawala mwishoni ni mtoto wa Matilda, siyo yeye. Hojo Masako, mjane wa Yoritomo, alikuwa na bahati zaidi, au ujanja zaidi. Alikuwa ameshanyoa nywele kuwa mtawa, lakini jeshi la Kaizari mstaafu lilipotaka kuuondoa utawala wa Kamakura mwaka 1221, ndiye aliyewakumbusha samurai fadhila za mumewe mpaka wakaenda kupigana, wakashinda.

"Na hapa Tanzania?" Hakuniacha. Nikamtajia hukumu ya Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990, iliyosema mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume. Aliandika mwaka ule kwenye kiganja, kwa kalamu.

Jioni nikakumbuka ile kamba ya katani. Tuna dada wawili. Hakuna hata mmoja aliyeitwa kushika ncha.

6. Aliyeng'atuka hajaondoka

Tokugawa Ieyasu alikuwa shoguni kuanzia 1603. Baada ya miaka miwili tu akampisha mwanawe Hidetada, kila mtu ajue kiti hiki sasa ni cha ukoo. Lakini amri kubwa ziliendelea kutoka kwake hadi kifo chake mwaka 1616. Wajapani walikuwa na mazoea hayo tangu zamani: Kaizari Shirakawa aliachia kiti mwishoni mwa karne ya 11, akaendelea kutawala kutoka pembeni mpaka 1129. Mwanafunzi mmoja mtundu akasema hata Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, uenyekiti wa chama akabaki nao hadi 1990. Nikamwambia hoja yake ina uzito, apunguze kicheko.

Nilimpelekea mzee yule habari za Ieyasu. Alicheka mpaka akaweka mpini chini. Kwa malafyale, alisema, haikuwezekana, maana baada ya ubusoka malafyale mzee alitarajiwa afe mapema, na watu walishangaa akichelewa.

Baba yangu hajachelewa popote, yuko mzima kabisa. Shamba ameshaligawa, vigingi viko ardhini, kila mtu anajua chake. Jana alfajiri kanipigia simu kabla sijanawa uso: nipite kwa kaka yangu nimwambie ule mparachichi wa karibu na kijito asiukate.

"Baba, si ni upande wake?"

"Ni wake," akasema. "Asiukate."