Rangi ya Samawati Katika Kichupa

Wewe unayekaa Kolwezi unajua kusoma mawe kwa rangi. Jiwe la kijani lina shaba, jiwe jeusi huenda lina kobalti. Mtu wa Mashamba hahitaji kufundishwa hayo. Katika maabara ya hospitali pia husomwa rangi, ila huko si ya jiwe, ni ya damu yako.

Kinachotafutwa ni fosfati. Sehemu yake kubwa, kama 85 katika 100, imo katika mifupa na meno. Kidogo huzunguka katika damu, na mafigo yenye afya huitoa iliyozidi kwa njia ya mkojo. Mafigo yakidhoofika, fosfati hukusanyika, ngozi huwasha, na mifupa huanza kuharibika. Kwa hiyo mganga hutaka kujua kipimo kabla hajakukataza chakula chochote.

Lakini fosfati haina rangi. Katika njia ya zamani, mpimaji huondoa kwanza protini kwa asidi, akachuja, kisha akatia dawa iitwayo molibdati, ambayo hushikana na fosfati. Akitia dawa ya pili, maji hugeuka samawati. Fosfati ikiwa nyingi, samawati hukolea. Hulinganisha rangi hiyo na ya kichupa kingine ambacho kipimo chake anakijua. Mtu mzima mwenye afya huwa na miligramu 2.5 hadi 4.5 katika mililita 100 za maji ya damu. Mtoto anayekua huwa na zaidi, wala si ugonjwa. Siku hizi mashine nyingi husoma badala ya macho, lakini molibdati ingali ikitumika.

Cyrus Fiske na Yellapragada SubbaRow, aliyetoka India, waliitangaza njia hii mwaka 1925 huko Boston, Marekani. Walipopima maji yaliyochujwa kutoka nyama ya misuli, samawati ilichelewa kukolea. Wengine wangelaumu dawa. Wao walichunguza, wakaona kwamba misuli ina fosfati iliyofungwa, ambayo hufunguka polepole ndani ya asidi. Ndiyo fosfokreatini, akiba ya nguvu ya misuli, waliyoitangaza mwaka 1927.

Sasa sikia linalokuhusu. Chembe nyekundu zina fosfati nyingi ndani yake. Damu ikikaa saa nyingi bila kutengwa, au ikitikiswa sana, chembe hupasuka na fosfati humwagika. Kipimo hupanda, na mtu mzima huambiwa ana ugonjwa wa mafigo. Tena sabuni nyingine zina fosfati. Kichupa kilichooshwa kwa hizo kisipooshwa tena vizuri, hudanganya.

Kwa hiyo muuguzi akisema, “Mama, tunaomba damu tena,” usidhani inauzwa. Maji ya damu yakionekana mekundu, mpimaji mwema huyakataa. Na ukiambiwa uje asubuhi kabla ya kula, njoo hivyo, maana fosfati ya damu hubadilika kwa chakula na kwa saa za mchana.