Mizani Haijisomi: Somo Juu ya Refa wa Video



Leo tutazungumza juu ya mpira wa miguu. Usiseme mpira ni mambo ya vijana tu. Ndani yake mna swali linalotuhusu sisi sote: nani anaamua, na anaamua kwa kutazama nini?

KISA CHA PRETORIA

Tarehe 5 Aprili 2024, Yanga ilicheza na Mamelodi Sundowns mjini Pretoria, Afrika ya Kusini. Ilikuwa robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mchezo wa kwanza, uliochezwa Dar es Salaam, ulikwisha 0-0.

Katika kipindi cha pili Stephane Aziz Ki alipiga shuti kali. Mpira uligonga mtambaa panya, ukadunda chini penye mstari wa goli, kisha ukarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakanyoosha mikono juu: goli! Refa hakulikubali. Refa wa video naye hakulikubali. Mchezo ukaisha 0-0, na Sundowns wakashinda kwa penalti 3-2.

Wiki iliyofuata darasani hatukusoma kitu. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si walisema mashine haidanganyi? Mbona tumedhulumiwa?" Mzee mmoja wa Simba akacheka, "Mashine imewaona nyie!" Nilitaka kuwanyamazisha. Kisha nikaona kwamba swali la yule mama ni somo zuri.

REFA WA VIDEO NI NANI?

Zamani refa alitegemea macho yake na ya washika vibendera wawili. Mwaka 1986, katika Kombe la Dunia huko Mexico, Diego Maradona wa Argentina aliwafunga Waingereza goli kwa mkono. Refa hakuona. Argentina ikashinda 2-1. Mwaka 2010, huko Afrika ya Kusini, Frank Lampard wa Uingereza aliwapiga Wajerumani shuti lililovuka mstari kabisa. Refa hakuona pia. Waliokaa mbele ya televisheni waliona, lakini mwenye filimbi hakuona. Watu wakasema: basi refa naye apewe televisheni.

Mwaka 2018 refa wa video aliingizwa katika sheria za mpira. Kwa kifupi anaitwa VAR. Sikiliza vizuri hapa: VAR si mashine inayoamua. Ni watu. Wanakaa chumbani, wanatazama picha za kamera nyingi, wanazungumza na refa sikioni. Sheria ile iliwapa mambo manne ya kutazama: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyepewa kadi isiyo yake. Tena wabadili uamuzi pale tu kosa lilipo wazi.

KWA NINI WATU WANAKASIRIKA?

Kwanza, picha. Sheria inasema mpira mzima lazima uvuke mstari. Hebu jaribu nyumbani. Chora mstari chini. Weka chungwa nyuma ya mstari, karibu sana. Inama utazame kutoka ubavuni: utaona udongo kati ya mstari na mahali chungwa lilipokanyaga. Utasema limevuka. Sasa simama utazame kutoka juu: tumbo la chungwa bado limefunika sehemu ya mstari. Kumbe halijavuka lote! Chungwa ni lile lile, macho ni yale yale, mahali pa kutazamia ndipo palipobadilika. Ndiyo maana watu wawili waaminifu hubishana juu ya picha moja. Iko mashine nyingine ya mstari wa goli, iliyotumika Kombe la Dunia la 2014. Hiyo humpa refa ishara kwenye saa yake ya mkononi. Pretoria haikuwepo.

Pili, watu. Tarehe 30 Septemba 2023, Luis Díaz wa Liverpool aliwafunga Tottenham goli halali. Mshika kibendera akasema ameotea. Refa wa video alitazama picha, akaona hakuotea. Lakini alidhani uwanjani goli limekubaliwa! Akasema ukaguzi umekwisha, kila kitu sawa. Mchezo ukaendelea, goli likapotea, Tottenham wakashinda 2-1. Picha ilikuwa sahihi. Waliokosea ni watu, kwa kutoelewana.

Tatu, kungoja kimya. Goli limeingia, unashangilia, halafu unaambiwa ngoja. Wanatazama nini? Hujui. Mwaka 2024 huko Norway mashabiki walirusha mikate ya samaki uwanjani kwa hasira, na mchezo ukavunjika. Mwaka huo huo Sweden iliikataa VAR. Uingereza klabu zilipiga kura, na 19 kati ya 20 zikataka ibaki.

TUJIFUNZE NINI?

Kumbuka mizani ya pamba. Mkulima asiyejua kusoma alileta mzigo wake, karani akatazama mizani peke yake, akataja kilo. Mkulima alikubali tu. Huenda karani alisema kweli, lakini mkulima alirudi nyumbani na shaka. Siku alipojua kusoma alisema, "Bwana karani, sogea kidogo, tutazame wote." Mizani ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni mkulima.

VAR nayo ni mizani. Haijisomi; husomwa na mtu. Kuitupa si dawa, maana tutarudi kwenye goli la mkono. Dawa ni kuisoma mbele ya watu. Katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, refa alitangaza kwa kipaza sauti alichoamua na sababu yake. Hilo ni jambo jema. Mtu anaweza kuvumilia kushindwa, lakini kushindwa bila kuelezwa humkaa rohoni.

Yule mama wa Yanga bado hajaridhika. Lakini siku hizi, kwenye mkutano wa kijiji, likisomwa jumla la hesabu yeye husimama: "Tuonyesheni na hesabu zenyewe." Amelielewa somo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mtambaa panya: mti wa juu wa goli.
Kuotea: kuwa mbele ya mabeki kinyume cha sheria wakati mwenzako anapokupa mpira.
Ukaguzi: kutazama jambo kwa makini ili kujua kama ni sawa.

MASWALI

1. Taja mambo manne ambayo sheria ya 2018 ilimpa refa wa video.
2. Goli la Luis Díaz lilipotea kwa sababu gani?
3. Fanyeni jaribio la chungwa kikundini. Je, nyote mmeona sawa?
4. Jadilianeni: katika kijiji chenu, ni mizani gani inayosomwa na mtu mmoja tu?