Kujitolea Kuandikisha Wapiga Kura: Somo Nililolipata Machimboni

Watu wengi hudhani kwamba kumsaidia mpiga kura ni kumwonyesha njia ya kituo tu. Mimi pia nilidhani hivyo, hata nikakosea. Nami naandika kosa langu ili liwe somo kwa wenzangu.

Kwanza tutazame nyuma kidogo. Katika uchaguzi wa kura tatu wa Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, mtu hakuandikwa ila awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu iliyotakiwa, au kazi ya madaraka. Wakulima na vibarua wengi waliachwa nje. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililoanzishwa mwaka 2004, haliulizi fedha wala shule. Huuliza hasa mambo matatu: Je, u raia wa Tanzania? Je, utakuwa umetimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi? Tena, unakaa wapi? Hilo la tatu ndilo gumu katika nchi yetu ya dhahabu.

Mkoani Shinyanga kazi ya kuandikisha ilifanywa tarehe 21 hadi 27 Agosti 2024. Jumamosi ya juma hilo mwalimu wetu wa Uraia alituchukua wanafunzi sita kwenda kujitolea nje ya kituo kimoja karibu na machimbo. Kuandika si kazi yetu. Hiyo ni ya mwandishi msaidizi na mwendeshaji wa mashine, ambayo huchukua picha, alama za vidole na saini. Sisi tulipanga foleni, tukawatafutia viti wazee na akina mama wenye watoto wachanga, na kuwaeleza watu utaratibu.

Akaja kaka mmoja, vumbi la karasha limemjaa nywele. Akaniuliza, "Mdogo wangu, mimi nina kadi ya mwaka 2015. Nipange foleni?"

Nikamjibu upesi, "La, kaka, kadi yako yatosha." Akashukuru, akaenda zake.

Mwalimu akaniuliza, "Kadi hiyo ni ya wapi?" Sikujua. Mwenzake aliyekuwa katika foleni akasema ni ya Nyarugusu, Geita, na huko hana tena hata kitanda.

Hapo nikaona kosa langu. Mtu hupiga kura katika kituo alichoandikishwa. Mchimbaji hufuata dhahabu: leo yuko Nyarugusu, mwakani Mwakitolyo, na jina lake hubaki nyuma. Nilimkimbilia hadi machimboni, nikaambiwa amekwisha kushuka duarani. Nikaacha maneno kwa mama ntilie wa pale. Hata leo sijui kama alirudi kituoni.

Basi, kila anayejitolea na akumbuke haya:

1. Asiyeandikishwa bado aende kituoni yeye mwenyewe, kwani hawezi kutuma mtu.
2. Mwenye kadi aliyehama asijiandikishe upya, maana kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Ahamishe taarifa zake.
3. Aliyepoteza kadi, au ambaye kadi yake imechakaa, aombe nyingine.
4. Huduma hizi zote ni bure.

Mimi sijatimiza miaka 18, na kadi sina. Lakini jibu langu la haraka huenda lilimpotezea mtu mzima kura yake. Wenzangu, tusijibu kabla hatujauliza. Wazee walisema kweli: kuuliza si ujinga.