Kipimo cha Dawa kwa Mama Mwenye Tansio ya Homoni



Leo tunajifunza juu ya aina moja ya tansio, ni kusema musukumo wa damu unaopanda sana. Wamama wengi wa Kolwezi wanajua tansio. Lakini kuna mama anayekunywa dawa mbili ama tatu kila siku, bila kukosa, na tansio yake haishuki. Jirani anasema: "Ni mawazo mengi." Mwingine anasema: "Wamemuroga." Pengine sababu ni nyingine, nayo inaweza kupimwa katika damu.

1. Ugonjwa unatoka wapi?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizo mbili zinatengeneza homoni inayoitwa aldosteroni. Homoni ni kama mujumbe: inapita katika damu na kupeleka amri. Aldosteroni inaamuru figo kushika munyu na maji, na kutupa potasiamu katika mukojo. Potasiamu ni madini ambayo moyo na nyama za mwili zinahitaji ili zifanye kazi vizuri.

Kama tezi inatoa aldosteroni nyingi kupita kiasi, munyu na maji yanajaa mwilini na tansio inapanda. Kwa wagonjwa wengine potasiamu inapunguka: muguu unakamatwa na mishipa, mwili unalegea, mama anaamuka usiku mara nyingi kwenda kukojoa. Lakini wengi hawasikii kitu. Muganga Jerome Conn wa Marekani alieleza ugonjwa huu katika mwaka 1955. Zamani watu walifikiri ni wagonjwa wachache sana. Leo waganga wanajua kwamba ni wengi kuliko walivyofikiri.

Ili kuujua, wanapima katika damu aldosteroni na kitu kingine kinachoitwa renini. Pengine muganga atakutuma mbali kwa kipimo hicho, hata Lubumbashi, karibu kilomita 300. Kama tezi moja tu ni mbaya, wanaweza kuitoa kwa kupasua. Kama zote mbili ni mbaya, mugonjwa anatunzwa kwa dawa.

2. Dawa na kipimo chake

Dawa inayotumika sana inaitwa spironolaktoni. Inazuia amri ya aldosteroni. Figo zinaachilia munyu na maji, na zinashika potasiamu.

Mara nyingi muganga anaanza na miligramu 12.5 ama 25 kwa siku, ni kusema nusu ama kidonge kimoja cha 25. Kimeze kila siku saa ile ile, pamoja na chakula. Baada ya majuma mengi, kama tansio haijashuka, muganga anaweza kupandisha kwa 50, na kwa wengine hata 100.

Juu ya nini tunaanza kidogo? Kwa sababu dawa hii inafanya kazi polepole. Nguvu yake yote inaonekana baada ya majuma kadhaa. Mama anayetazama tansio yake siku ya tano na kusema "Dawa haina nguvu" amehukumu mapema. Tena, kama dawa ni nyingi, figo zinashika potasiamu kupita kiasi. Potasiamu nyingi inaweza kusimamisha moyo.

3. Mufano wa mama mumoja

Tufikiri juu ya mama mumoja wa Manika. Muganga alimwambia: "Meza kidonge kimoja kila asubuhi." Kilikuwa kidonge cha 25. Dawa ilipokwisha, alimutuma mutoto kununua nyingine. Mutoto alileta mukebe mwingine wenye jina lile lile. Mama akaendelea kumeza kidonge kimoja, kama alivyoambiwa. Baada ya majuma mawili miguu ikakosa nguvu, na moyo ukapiga vibaya. Alipofika hospitali, mama muuguzi alimuuliza:

– Mama, unakunywa vidonge ngapi?

– Kimoja tu, kama mulivyoniambia.

– Onyesha mukebe.

Juu ya mukebe paliandikwa 100. Kidonge kimoja kilikuwa sawa na vidonge vinne vya zamani. Mama huyu hakuwa na kichwa kigumu. Alihesabu vidonge, lakini hakuna mutu aliyemufundisha kusoma namba.

Kwa hiyo, mama, jua miligramu zako kama unavyojua umri wa mutoto wako. Ziandikwe katika karatasi yako ya kliniki. Kila mara unaponunua dawa, peleka mukebe wa zamani na ulinganishe namba. Kama hujui kusoma, mwombe mutoto wa masomo ama muuguzi akusomee mbele ya kumeza.

4. Damu yako ipimwe

Tansio peke yake haionyeshi kama kipimo ni kizuri. Tansio inaweza kuwa 14/9 ama chini, nawe unafurahi, kumbe potasiamu inapanda. Kwa hiyo tunapima potasiamu na kazi ya figo mbele ya kuanza dawa, tena karibu juma moja baada ya kuanza, tena karibu mwezi moja baadaye, na kila mara kipimo kinapopandishwa. Kwa watu wengi potasiamu nzuri ni kati ya 3.5 na 5. Ikipita 5.5, muganga anapunguza dawa ama anaisimamisha.

Mama anayetoka mbali, kama Mutshatsha ama Fungurume, aulize siku ya kupima damu mbele ya kurudi nyumbani. Feza za safari ya kurudi ni sehemu ya bei ya dawa. Kama huwezi kuzipata, tuambie mapema. Ni vizuri kutafuta njia pamoja kuliko kumeza dawa bila kupimwa.

Ukisahau kidonge leo, usimeze viwili kesho. Usimugawie bwana ama jirani dawa yako. Kwa wanaume dawa hii inaweza kuvimbisha matiti. Kwa wamama inaweza kuumiza matiti na kuharibu hesabu ya mwezi. Hayo yakikupata, usiache dawa kwa siri; njoo useme, kwa maana dawa nyingine ziko.

5. Njoo mbio

– Ukitapika ama kuhara sana: usimeze spironolaktoni siku hiyo, kunywa maji, na uje.

– Nyama za mwili zikilegea, moyo ukipiga bila mupango, ama ukianguka kizunguzungu.

– Mutu akikupa dawa nyingine. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi wananunua kwa maumivu ya mugongo, na Bactrim pia, zinaweza kupandisha potasiamu. Sema kwanza: "Ninakunywa spironolaktoni."

6. Kama una mimba

Sikiliza vizuri hapa. Spironolaktoni haifai kwa mama mwenye mimba, kwa sababu inaweza kuharibu namna mutoto mwanaume anavyoumbwa tumboni. Mama anayeimeza azungumze nasi juu ya kupanga uzazi. Kama mwezi umepita bila kuona damu, usingoje tumbo lionekane. Njoo juma lile lile. Hatutakugombeza. Tutabadilisha dawa, kwa mufano metildopa ama nifedipini, kwa maana tansio isiyotunzwa ni hatari pia kwa mama na kwa mutoto.

7. Chakula

Punguza munyu katika bukari na mboga. Samaki wa munyu walowekwe, maji yale yamwagwe. Soda inayotiwa katika sombe ili ilainike inaongeza ubaya ule ule. Lakini usikimbilie munyu wa majivu, wala munyu wa dukani unaoitwa "wa watu wa tansio". Ndani yake kuna potasiamu nyingi, na pamoja na dawa hii ni hatari. Maharagi, ndizi na viazi vitamu uendelee kula kama kawaida, ila muganga akikukataza.

Maulizo ya kukumbuka

Dawa yangu ina miligramu ngapi? Damu yangu itapimwa siku gani? Nikihara, nitafanya nini? Nikipata mimba, nitamwambia nani, na lini?

Mama anayeweza kujibu maulizo haya manne amekwisha kuelewa somo. Asiyeweza, auulize leo mbele ya kutoka kliniki. Na akifika nyumbani, amufundishe mutoto anayetumwa kununua dawa.