Noleo Lililopasuka ni Onyo kwa Fundi

Noleo ni ile pete ya chuma au ya shaba inayovishwa shingoni mwa mpini wa patasi, wa tupa au wa kisu, mahali msuka unapoingia ndani ya mti. Ni kitu kidogo, na fundi wengi hawakitazami mpaka kimeharibika. Katika karakana za useremala za Sironga, karibu na Nyamira, kama katika karakana nyingine nyingi za nchi, si ajabu kuona patasi ambayo noleo lake limepasuka, nayo imefungwa waya au kipande cha mpira, na kazi inaendelea. Desturi hiyo yaeleweka, kwa kuwa mwenye mlango anangoja mlango wake. Lakini ina hatari, na yafaa kila fundi aijue.

Kazi ya noleo

Msuka wa patasi umechongoka mfano wa kabari. Kila pigo la nyundo huusukuma ndani zaidi, nao hutaka kuupasua mti kwa kufuata nyuzi zake. Noleo huzibana nyuzi hizo zisiachane. Likipasuka, hakuna tena kinachozuia. Mpini hupasuka taratibu, patasi huanza kucheza, na siku moja msuka hupenya katikati ya mpini ukafika kiganjani mwa fundi. Waya uliofungwa kwa mkono haubani kama pete nzima. Huficha ufa tu, na fundi huendelea kupiga kwa nguvu zile zile.

Sababu za kupasuka

Ya kwanza ni maji yaliyo ndani ya mti. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira hupata mvua nyingi, milimita 1,500 au zaidi kwa mwaka. Mti hunywa unyevu wa hewa ukavimba, na wakati wa jua hunywea. Hauongezeki urefu, bali unene, na unene ndio unaoisukuma pete. Mpini uliochongwa katika mti mbichi hunywea upesi, noleo likalegea na kuteleza. Mkaratusi, ambao ni mwingi sana katika sehemu hizo, hunywea kuliko miti mingi, nao hupasuka ukikaushwa kwa haraka.

Ya pili ni dawa isiyofaa. Fundi akiona noleo limelegea, hutumbukiza mpini katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi umekaza, naye hufurahi. Kumbe mti ulipovimba ulizuiwa na pete, na nyuzi zake zikapondwa. Ukikauka, hurudi ukiwa mwembamba kuliko ulivyokuwa mwanzo, na hapo hutiwa majini tena. Kila mara pete husukumwa kwa nguvu kutoka ndani, na iliyo nyembamba au yenye kiungo hufunguka.

Ya tatu hujulikana na wachache, nayo yahusu shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Zamani, katika jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, maganda ya risasi yaliyotengenezwa kwa shaba hiyo yalikuwa yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa mvua, bila kupigwa na kitu chochote. Mwaka 1921 wataalamu Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza chanzo chake. Shaba iliyofinyangwa ikiwa baridi hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo ukikutana na unyevu pamoja na hewa ya amonia, shaba hupasuka. Amonia ni ile hewa kali ichomayo pua katika mabanda ya farasi na katika zizi lenye mkojo wa ng'ombe. Basi fundi anayefuga ng'ombe wa maziwa, akatundika patasi zake ukutani mwa zizi, au akaziweka karibu na banda la kuku, anayaweka manoleo yake katika hali ile ile. Chuma hakidhuriki kwa njia hiyo, lakini hupata kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, nayo huisukuma pete kutoka ndani.

Ya nne ni kupiga mpini kwa nyundo ya chuma badala ya nyundo ya mti.

Kuusoma ufa

Kabla ya kutengeneza, fundi autazame ufa. Ukipita pembeni mwa kiungo cha pete, pete ilikuwa dhaifu au mti umevimba. Ikiwa shaba imepasuka kwa mstari mwembamba kama kioo, bila kunyooka wala kupanuka, yaelekea ni kazi ya amonia. Ikiwa mdomo wa pete umepanuka na kukunjika, ni mapigo. Asiyejua sababu atavisha pete mpya, nayo itapasuka kama ya kwanza.

Namna ya kutengeneza

(1) Patasi ibanwe katika jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao, na makali yafungwe kitambaa. Mpini uliopasuka uondolewe. Chuma cha patasi kisitupwe, kwani mara nyingi bado ni kizima.

(2) Uchaguliwe mti mgumu wenye nyuzi zilizonyoka na usio na fundo. Mzeituni mwitu wafaa sana. Mkaratusi pia wafaa, mradi uwe mkavu. Kipande kikaushwe kivulini polepole, kisha mahali pakavu ndani ya nyumba. Kipimwe kwenye mizani kila juma. Uzito ukikoma kupungua, mti umekauka.

(3) Noleo jipya lakatwa kwa msumeno wa chuma kutoka katika kipande cha bomba kisicho na kiungo, urefu wa milimita 15 hadi 20. Ukingo wa ndani ulainishwe kwa tupa usije ukakata nyuzi za mti. Shaba ngumu ipashwe moto mpaka iwe nyekundu kidogo, kisha itiwe majini. Haiwi ngumu kama chuma cha patasi kinavyokuwa, bali hulainika na mkazo wake hutoka.

(4) Shingo ya mpini ichongwe iwe nyembamba kidogo mwanzoni, kisha noleo lipigwe taratibu kwa nyundo ya mti mpaka lifike mahali pake. Likae imara, lakini lisilazimishwe, kwa maana pete iliyobanwa kupita kiasi imekwisha kuanza safari ya kupasuka.

(5) Tundu la msuka litobolewe kwa keekee baada ya noleo kuvishwa, si kabla. Liwe katikati, na jembamba zaidi kuelekea ndani kwa kufuata umbo la msuka. Msuka ukiisha kuingia kwa mkono sehemu kubwa, mpini ushikwe na kitako chake kigongwe juu ya gogo. Uzito wa chuma utamalizia kazi. Makali yasipigwe kamwe.

(6) Mpini upakwe mafuta ya kitani mara mbili au tatu. Mafuta hayazuii unyevu kabisa, ila huuchelewesha.

Utunzaji

Vyombo vikae ndani ya sanduku au ubaoni, mahali pakavu, mbali na zizi, banda la kuku na mifuko ya mbolea. Mpini uliolegea usitiwe majini, bali upewe noleo linalolingana na unene wake. Na kila Jumamosi, baada ya kazi, fundi apitishe kidole juu ya manoleo yote. Ufa hugunduliwa kwa kidole upesi kuliko kwa jicho. Kubadili pete kwahitaji kipande cha bomba na muda wa saa chache. Mkono uliochomwa na msuka waweza kumweka fundi nyumbani kwa majuma mengi bila mapato. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.